Mutu wa Kiti ya Kushoto

Habari ile ilinifikia sokoni, nikiwa nachagua muhogo, na tangu pale haikunitoka. Mama Aimée, jirani yangu wa hapa mutaa wa Shari, aliniinamia kwa sikio akasema:

"Mama Héritier, chunga sana na magari ya occasion, haya ya kutumika tayari. Kuna moja ilipigwa risasi njiani, batu bakafia ndani. Baliziba matundu, bakaipaka rangi ingine. Sasa iko hapa Bunia, inatafuta mununuzi."

"Rangi gani?"

"Banasema ya bluu."

"Nani anasema?"

"Batu, Mama. Weye unataka nikuitie wao?"

Nilirudi nyumbani na neno ile kifuani, juu mutoto wangu Héritier alikuwa anatafuta gari siku zile zile. Alikuwa ametoka kupata permis ya kuendesha. Duka moja ya dawa ilimukubalia kazi ya kupeleka dawa Nyankunde, lakini awe na gari yake. Pikipiki nilikuwa nimekataa. Nilimulilia kaka yangu Fulgence kule Boga mpaka akauzisha ng'ombe, ili mutoto wa dada yake asitembee mu upepo.

Kila mutu alikuwa na yake. Héritier alitaka gari ya kufurahisha. Fulgence alitaka gari ambayo ng'ombe zake zingeweza kufikia. Mimi nilitaka ile ambayo haimuache njiani, hasa njia zetu hizi, ambapo mutu akikwama hajui nani atamukuta.

Tukamupata Fabien. Fabien ni komisioneri, kazi yake ni kukutanisha mwenye kuuzisha na mwenye kununua, na mudomo yake haipumzike. Alituletea kajeep kafupi, safi, sauti ya motere nzuri. Ilikuwa ya bluu.

Héritier aliizunguka akitabasamu peke yake kama mutu aliyeona muchumba. Mimi nikaanza kupitisha vidole kwenye milango. Mahali risasi ilipita wanaziba na mastic, ile dawa ya kujaza chuma, wanapiga msasa, wanapaka rangi, na macho haioni kitu. Kidole inaweza kuona. Nikainua tapi, zulia ya chini. Nikanusa viti.

"Mama," Fabien akasema, "unaitomasa gari kama unanunua mbuzi."

"Mbuzi hawaipake rangi."

"Hii rangi ni ya kwake ya kuzaliwa."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Amehamia Kampala, njo maana anaiuzisha."

"Na yeye aliitoa wapi?"

"Mama Héritier, mimi niliikuta na magurudumu yote ine, nikamushukuru Mungu. Sikuuliza ya mingi."

"Mama, acha," Héritier akaninong'oneza. "Atamupa mutu mwingine."

Sikuacha. Kwenye mulango ya nyuma, upande wa kuume, chini ya kioo, kidole yangu ilikuta kidonda. Kadogo, ka muviringo, ngumu chini ya rangi. Sikusema kitu pale, juu nilitaka kwanza nimusikie Fabien akidanganya.

Volant, usukani ya gari ile, ilikuwa mukono ya kuume, kama karibu yote inayotoka Uganda. Lakini siye tunapita upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo shofere akifuata lori nyuma, haone mbele. Mutu wa kiti ya kushoto njo anakuwa jicho yake. Shofere anauliza: "Iko wazi?" Yule anachungulia, anajibu "Pita" ao "Bado." Tumezoea. Hata mutoto wa primaire akikaa pale anajua kazi yake. Na juu tumezoea, hakuna mutu aliwaza kuuliza juu yake, hata mimi niliyeuliza juu ya kila kitu.

Fabien akasema twende kuijaribu njia ya Nyankunde, Héritier aone nguvu yake kwenye mupando. Yeye akakaa mbele, kiti ya kushoto. Mimi nikakaa nyuma ya mutoto wangu, karibu na mulango ile.

Héritier aliendesha muzuri. Lazima niandike ile, juu watu wanasema vijana wanaendesha kama wameibiwa akili. Kwenye mashimo alipunguza. Mbuzi walivuka, akawangojea. Fabien akamucheka: "Mudogo wangu, tutafika Nyankunde kesho, wagonjwa wakiisha kupona." Héritier naye akacheka, akaongeza mwendo kidogo.

Tukakuta lori imebeba mbao. Ilikuwa inapanda polepole, vumbi yote kwetu. Kioo ilikuwa imeshuka, mukono yangu nje, gumba bado kwenye kidonda, naisugua, naisugua. Nikashindwa kuvumilia.

"Fabien, hii kitu kwenye mulango ni nini?"

"Kitu gani tena, Mama?"

"Hii. Geuka, angalia. Ni tundu waliziba. Gari hii nani alifia ndani?"

Akageuka muzima, mukono yake juu ya kiti, uso kwangu. "Mama, ile ni jiwe. Jiwe ya barabara. Nikuapie?"

"Kaka Fabien, iko wazi?" Héritier akauliza.

"Pita," Fabien akasema, na macho yake ilikuwa ingali kwangu.

Mutoto akatoka nyuma ya lori, upande wa kushoto. Lori ingine ilikuwa inashuka mbele yetu. Nilisikia honi yake. Nyuma haikukuwa na nafasi ya kurudia. Héritier akakata kushoto kabisa, tukatoka barabara, tukaingia mu shamba ya muhogo, gari ikajipiga kwenye kichuguu ikalala upande.

Tulitoka sisi wote, watu wa shamba wakatuvuta. Héritier alikuwa anashika bega yake, mukono ikining'inia vibaya. Fabien alikuwa na damu kwenye paji. Akakaa chini katika majani ya muhogo.

"Mimi nilikuuliza, kaka Fabien," Héritier akamuambia, bila hasira.

"Uliniuliza," Fabien akasema. "Sikuangalia."

Hakunitaja. Angeweza kunitaja.

Wakiwa wanatafuta namna ya kumupeleka mutoto hospitali, nilienda kuangalia mulango ile. Ilikuwa imekunjika, rangi imebanduka. Chini yake hakukuwa mastic, hakukuwa tundu. Kutu tu, mahali jiwe iligonga zamani.

Fulgence alikuja kutoka Boga akapatana na mwenye gari kwa telefone juu ya hasara. Bega ya Héritier ilifungwa, imepona, lakini mukono haipande tena mpaka juu ya kichwa. Duka ya dawa ilichukua kijana mwingine. Héritier angali anatafuta gari. Sijamukataza, juu nikimukataza atapanda pikipiki.

Kinachoniuma ni kingine. Niliporudi Shari, Mama Aimée alinikumbatia akasema: "Nilikuambia. Ilikuwa njo ile." Nikamuambia hapana, niliona chuma kwa macho yangu. Akaniangalia kwa huruma. Sasa hata kwenye maombi wamama wanasema gari ya wafu ilitaka mutoto wangu. Wanawakataza watoto wao gari za bluu, halafu wanawanunulia nyeupe, volant mukono ya kuume, na kiti ya kushoto anakaa mutu anayelala ao anayeangalia telefone.

Njo maana ninaandika, na masomo yangu kidogo. Mama mwenye mutoto anayetafuta gari, epuka haya:

Epuka volant ya kuume kwa mutoto ambaye angali mupya, hata kama bei ni ndogo na motere ni nzuri. Ngoja ya kushoto, hata ikiwa mubaya kwa macho.

Epuka kununua bila fundi wako mwenyewe. Fundi wa komisioneri ni wa komisioneri.

Epuka frein, ile breki, inayoshika tu baada ya kukanyagwa mara mbili.

Epuka kuchagua kwa rangi, ya kupenda ao ya kuogopa.

Epuka kujaribu gari kwenye mupando na malori siku ya kwanza.

Epuka kumuchekelea mutoto anayeendesha polepole.

Epuka kupita kwa sababu tu mutu alisema "Pita." Kama hauone wewe mwenyewe, kaa nyuma ya lori, kula vumbi.

Epuka kumusemesha mutu wa kiti ya kushoto. Hata kama una neno ya maana sana. Ngoja mufike.