Inchi Sitini

Jumatatu, saa kumi alasiri, Mama Futi alikuwa amepiga magoti sebuleni akipima sketi ya shule ya binti yake, kutoka sakafuni hadi kwenye pindo. Shule ilitaka inchi kumi na nne kamili, na mwalimu wa zamu alitembea na rula. Alipoinua macho aliona kuwa kiti cha mumewe kimezama. Miguu yake yote minne ilikuwa imeingia kwenye saruji kiasi cha vidole vinne, na mumewe, Sajini, alikuwa amekikalia akinywa chai.

"Baba, kiti kimezama," alisema.

"Nimeona. Sukari imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Akamletea.

Sajini alikuwa amerudi kutoka vitani miezi miwili nyuma, mzima wa viungo. Wenzake watatu hawakurudi, na habari zao hakuwahi kuzigusa. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa sare iliyonyooshwa, akaenda gwaride. Kwenye shabaha alilenga vizuri kuliko zamani. Akitoka kazini aliketi, na kiti kikazidi kuzama.

Mkewe alikuwa fundi cherehani wa kambi nzima. Alishona vyeo mabegani, alipunguza suruali, na futi yake ya utepe haikumtoka shingoni hata akienda sokoni, ndipo akapata hilo jina. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila jioni alishusha futi kando ya kiti na kusoma. Jumatano ilikuwa inchi saba, Ijumaa kumi na moja. Wiki ya pili walikitoa kiti, Sajini akawa anakaa chini kabisa, ameegemeza mgongo kwenye udongo. Kingo za shimo zilikuwa zimenyooka vizuri, kama kazi ya mtu aliyefundishwa kuchimba handaki, ingawa nyumbani kwao hapakuwa na koleo. Huko chini kulikuwa na vumbi jekundu lisilopatikana mji ule, na harufu ya matairi yaliyoungua. Asubuhi alipanda kwa ngazi, akajipangusa vumbi mlangoni, akaenda kazini.

Kilichomtia Mama Futi hofu ni kwamba futi yake ilikuwa ya inchi sitini tu, kama futi zote. Alimpenda mumewe, na alijua kuwa usichoweza kukipima huwezi kukirekebisha. Sitini zikipita, angempoteza akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi akaenda kwa mshauri nasaha. Kambi ilikuwa naye, tena mwenye shahada. Ofisi yake ilikuwa nzuri na benchi la kusubiria lilikuwa jipya, limewekwa nje, likitazamana na uwanja wa gwaride, hivi kwamba aliyekaa pale alionwa na kikosi kizima. Rangi ya benchi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Karibu sana, dada," mshauri alisema, akafungua rejista. Kurasa zilikuwa nyeupe. "Mwaka wa tatu huu sijaandika jina. Wakubwa wamefurahi, wamenipa cheti." Cheti kilikuwa ukutani, nyuma ya kioo. Kilisema kambi ile ina afya njema ya akili kuliko zote.

"Mume wangu yuko kwenye shimo. Limefika inchi arobaini na mbili."

"Pole. Hiyo bado inatibika," mshauri alisema, na alimaanisha. Akampa fomu. Ilitakiwa sahihi ya askari mwenyewe, kisha muhuri wa mkuu wake. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kuwa mwenye kusaini atakabidhi silaha, ataondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na nyumba ya kambi itaangaliwa upya.

Njiani alikutana na jirani wa mlango wa pili, mke wa dereva mstaafu wa malori ya jeshi. Jirani aliiona fomu kabla haijafichwa.

"Mwenzangu, weka zulia," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi la kwangu lina mwaka wa tano."

"Na mzee mnaongeaje?"

"Kwa kamba. Nikivuta mara moja, chai inashuka. Nikivuta mara mbili, nauliza kama yupo."

"Anajibu?"

"Mara nyingi," jirani alisema, akauliza kama nyanya zimeshuka bei.

Mama Futi alishona zulia kwa turubai la hema kuukuu, pindo mbili kila upande. Wikiendi ya wiki iliyofuata kulikuwa na ukaguzi wa nyumba, na sakafu ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kukaguliwa. Mkesha wake, Ijumaa jioni, shimo lilisoma inchi hamsini na nane. Akaiweka fomu kwenye ndoo pamoja na kalamu, akaishusha kwa ukanda wa turubai.

Kule chini karatasi ilisikika ikifunuliwa.

"Nikisaini hii nyumba wanaichukua," sauti ya Sajini ilisema. Siku hizo ilichelewa kidogo kabla ya kufika juu. "Mtaenda wapi?"

"Kwa mama. Tutalala hata jikoni."

"Watasema nimekuwa chizi."

"Waseme. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi niliolewa na mtu mzima, baba, sikuolewa na utosi. Nimechoka kuongea na utosi."

Sajini akacheka. Hakuwa amecheka tangu arudi, na kicheko kilimwaga udongo kidogo kutoka kwenye kingo. Kisha akasema, "Naogopa," na mkewe akamjibu, "Hata mimi." Ndoo ilipopanda, sahihi ilikuwa pale, imepinda lakini inasomeka. Mama Futi aliibusu ile karatasi, akaipiga pasi juu ya kitambaa ili isiwe na mikunjo mbele ya mkuu.

Jumamosi saa tatu Meja, mkuu wake Sajini, alikuja kukagua. Sajini alisimama mlangoni wima, zulia likiwa limetandikwa nyuma yake juu ya mbao mbili. Meja aligonga kuta, akafungua kabati, akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha. Alipofika kwenye zulia akalizunguka. Hakulitazama. Alilizunguka kama mtu anavyozunguka meza ya nyumbani kwake.

Mama Futi akampa fomu kwa mikono miwili.

Meja aliisoma yote, hata zile herufi ndogo. "Sahihi yako hii, Sajini?"

"Ndiyo, mkuu."

"Nikigonga muhuri hapa," Meja alisema taratibu, "nitaulizwa wengine wako wapi. Nitawajibu nini?"

Akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akaelekeza kidole chini.

"Zulia hili umeshona wewe, mama?"

"Ndiyo, mkuu."

"Nishonee na mimi. La kwako dogo, langu liwe kubwa kidogo."

"Vipimo, mkuu?"

Alivitaja bila kufikiri, upana na urefu, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Kwenye daftari la ukaguzi akaandika *Sakafu: nzima*, akapiga saluti, akaenda nyumba iliyofuata.

Sajini alilikunja zulia, akaziondoa mbao na kushuka ngazi. Alivua kofia kwanza, akaiacha juu ya meza. Jioni mkewe alishusha futi. Ilikwisha yote, inchi sitini, na ncha ikabaki inaning'inia bila kugusa chochote. Akamwita. Baada ya muda sauti ikajibu kuwa yupo. Siku iliyofuata akanunua kamba.

Zulia la Meja lilikamilika wiki mbili baadaye na kuchukuliwa. Jumatatu, saa kumi alasiri, binti alitoka shule, akavuta kamba mara mbili kumsalimia baba yake, akasimama katikati ya sebule apimwe sketi kwa ajili ya muhula mpya. Kila fundi anajua kuwa sketi ya mtoto anayekua hufupika, na Mama Futi alikuwa ameshafumua pindo kwenye mawazo. Akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni. Zilikuwa inchi kumi na tatu. Akapima tena, zikawa kumi na tatu.

Akatazama chini. Vidole vya miguu vya binti yake havikuonekana. Vilikuwa vimeingia kwenye saruji.

"Imekuwa ndefu, mama?"

"Kidogo tu."

"Kesho mwalimu anapima."

"Najua. Usitingishike, mwanangu."

Akaikunja inchi moja juu, akaibana kwa pini pande zote, akamwambia ageuke. Binti akachomoa mguu mmoja, kisha wa pili, akageuka. Pindo lilipokaa sawa, Mama Futi akaenda kwenye kikapu cha mabaki, akatoa kipande cha turubai kilichobaki kwenye zulia la Meja, akakipima kwa macho. Kilikuwa kinatosha.