Chumvi Ndani ya Mawese

Nilikuwa nimebandika mawese jikoni nikaange migebuka, samaki wa ziwani, simu ikaita. Wema, binti yangu, sura imejaa kioo kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Krismasi unakuja?"

Mtu akiwa Ujerumani, ukianza na habari za majirani, bando linakata hujauliza la maana.

Akaliruka swali, akasema molekuli yao imefanya kazi. Mwanangu ni mkemia. Wanatengeneza molekuli za kuvusha chumvi kwenye utando wa seli, kwa ajili ya watu ambao miili yao imeshindwa kazi hiyo. Mdogo wake, Nehemia, alikuwa hivyo. Nikimbusu paji la uso, midomo yangu inabaki na chumvi. Wenzangu hapa Ujiji wakanitania kwamba namlaza juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza, nami nikacheka nao. Kumbe mapafu yalikuwa yakijaa makohozi mazito. Alitutoka kabla hajaanza shule. Wema akaenda kusoma kwa sababu yake, nikabaki bila wote wawili.

"Tia chumvi kwenye hayo mawese, mama. Usikoroge."

Nikatia. Ikazama, ikakaa chini punje kwa punje.

"Utando wa seli ni mafuta vilevile," akasema. "Chumvi haipiti yenyewe. Molekuli yetu inaikumbatia, inageuzia mafuta upande wake unaopatana nayo, inavuka, inaiachia ng'ambo."

"Kwa hiyo wagonjwa watapona?"

"Bado. Tumejaribu kwenye vipovu vya mafuta tu, visivyo na uhai. Kwa mtu ni safari ndefu."

Nilizitazama zile punje. Nilimtaka Nehemia wangu, hata dakika moja, na huyu aliye hai nilimtaka zaidi.

"Hiyo molekuli yako, ikishaishusha chumvi, inabaki huko huko?"

"Hapana, inarudi kubeba nyingine. Isiporudi haitufai..."

Maneno yake yakamrudia mwenyewe, hata sijasema kitu. Nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Kazi haijaisha, mama."

"Najua. Njoo hivyo hivyo. Nina hamu nawe mpaka naumwa."

"Nikuletee nini?"

"Lete hilo paji la uso nilibusu."