Hesabu za Daktari

Kiwanda cha biskuti kilikuwa na mafundi sita wa matengenezo, na kati ya hao sita mmoja tu ndiye aliyeitwa Daktari. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Jina hilo alibandikwa na wapakiaji. Mtambo ukianza kulalamika, wenzake hukimbilia spana. Yeye huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya beari inayobeba mhimili na mpini akautia sikioni, akafumba macho, akasikiliza. "Ya pili kutoka kushoto," atasema. "Ina siku nne, tano hivi." Na kama haikubadilishwa, siku ya nne au ya tano beari ile hufa, mkanda ukasimama, biskuti zikaungua tanurini.

Fundi Mkuu wa karakana alikuwa mjomba wake. Yeye ndiye aliyemchukua alipofiwa na mama akiwa na miaka kumi na mmoja, akamlea pamoja na wanawe. Yeye ndiye aliyemwingiza kiwandani, kwanza kufuta mafuta sakafuni, kisha kushika zana. Watu walimsifu sana kwa hilo. "Mjomba ndiye mama," walimwambia, naye sifa hizo hakuzikataa.

Kila mwaka kampuni ilimpeleka fundi mmoja chuoni kwa miezi kumi na miwili. Aliyekwenda alirudi na cheti, na cheti kilimpandisha: msimamizi wa zamu, mpangaji wa matengenezo, wengine hata mameneja wadogo wenye meza na feni. Ili uende ulihitaji umri usiozidi miaka thelathini na mitano na fomu ya mapendekezo yenye saini ya mkuu wako. Basi.

Mwaka ule Daktari alipoomba, Fundi Mkuu alikaa na ile fomu mezani asubuhi nzima. Si kwamba hakujua la kuandika. Alilijua, na ndilo lililomtisha. Daktari alipokuwa kwenye likizo ya uzazi, tanuri lilisimama mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja mkurugenzi alikuja karakana mwenyewe, akasimama mikono kiunoni, akizitazama biskuti zilizoungua. Macho yale Fundi Mkuu alikuwa hajayasahau. Hiyo ilikuwa miezi mitatu tu. Sasa mwaka mzima?

Akaandika: "Fundi mzuri, lakini hesabu zake ni dhaifu. Hajawa tayari."

Hesabu alizichagua kwa sababu ndizo zilizomjia kwanza. Daktari aliacha shule mapema, nani angeuliza? Chuoni akampeleka fundi mmoja waliyemwita Mzee wa Kesho, kwa kuwa kila kazi aliahidi kuimaliza kesho. Ndiye pekee ambaye akiondoka karakana isingejua kama ameondoka.

Jioni Daktari alimngoja langoni. "Mjomba, wamesemaje?"

"Hesabu, mama," akajibu, akiangalia pembeni. "Ofisini wanasema hesabu zako zina kasoro."

Alitegemea abishe. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kumtuliza. Lakini Daktari aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo siku zote alilishuku. "Ni kweli," akasema. "Shule yenyewe niliiacha njiani."

Jumamosi iliyofuata akajiandikisha darasa la watu wazima kwenye shule moja ya msingi. Huko walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Jumapili alikuja kwa mjomba wake na madaftari, mwanawe mdogo akimfuata nyuma na penseli sikioni. "Hapa Mjomba, kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa?" Fundi Mkuu, ambaye sehemu na desimali zilimpiga chenga tangu ujana, alivaa miwani na kukunja uso. Mara mbili alimfundisha makosa, na mara zote mbili Daktari alirudi wiki iliyofuata kumsahihisha kwa adabu, kama vile mwenye kosa ni kitabu.

"Huyu mtoto ana moyo," mkewe Fundi Mkuu alisema huku akiwapelekea chai. "Wengine wangekata tamaa."

Fundi Mkuu alikunywa chai ile kama dawa.

Mwaka wa pili fomu ikaja, akaandika maneno yale yale. Angeandikaje mengine? Akisema hesabu zimepona, wangeuliza alizipimaje. Mwaka wa tatu hata hakufikiri. Alifungua droo, akaichukua nakala ya zamani, akainakili neno kwa neno. Kufikia hapo Mzee wa Kesho alikuwa amesharudi na cheti, amekuwa msimamizi wa zamu, na Daktari alipokea maagizo kutoka kwake. "Hii pampu tutaiangalia kesho," alimwambia. Daktari aliitikia, kisha akaitengeneza siku hiyo hiyo.

Ndipo yakatoka matokeo ya mtihani wa watu wazima. Daktari hakwenda nyumbani kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa mjomba wake, jasho likimtoka kwa mwendo, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Hesabu: alama ya juu kabisa.

"Sasa wapelekee hii, Mjomba," alisema. "Waone kwamba nilichokosa nimekipata."

Daktari alipoondoka, mke wa Fundi Mkuu alimkuta mumewe bado amekaa na ile karatasi magotini. "Mbona umekaa kama mtu aliyeletewa hati ya mashtaka?" akamuuliza. Fundi Mkuu alisema ni uchovu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na katika umri huo uchovu haukosi kuaminika.

Asubuhi alikwenda ofisi ya utumishi. Mama Mafaili, aliyekaa pale tangu kiwanda kinafunguliwa, alimsikiliza, akavuta faili la Daktari, akalipekua.

"Unataka kumpendekeza. Vizuri. Lakini Fundi, mwezi wa pili huyu ametimiza thelathini na sita. Mwaka jana angeingia."

"Hakuna namna?"

"Umri hauna namna." Akazitandaza zile fomu tatu mezani, akazisoma, akazirudia. "Hesabu zake ni dhaifu. Hesabu zake ni dhaifu. Hesabu zake ni dhaifu. Nani alimpima?"

Fundi Mkuu aliziangalia saini zake tatu. "Hakuna aliyempima."

Mama Mafaili akazikusanya fomu taratibu, akazilinganisha kingo. "Kuna mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la kwanza," alisema. "Hauna umri, na hauhitaji saini ya mtu. Mwenye ujuzi anajisajili mwenyewe. Tangazo liko ubaoni hapo nje, chini ya ratiba ya likizo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote. Nyie wakuu ndio wa kuwaambia watu wenu."

Kutoka ofisini hadi karakana ni hatua mia mbili, na katika hatua hizo Fundi Mkuu alipata nafasi ya kufunika kombe. Angeweza kusema umri umepita, amtajie mtihani wa serikali, aonekane tena kuwa ndiye mfadhili. Angeshukuriwa. Hilo ndilo aliloliona waziwazi: kwamba angeshukuriwa.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Daktari alikuwa peke yake, amekaa juu ya kreti, anasafisha gia kwa brashi.

"Umri umekupita," Fundi Mkuu akaanza. "Mwisho ni thelathini na mitano."

Brashi ikasimama. "Kwa hiyo nilichelewa kusoma," Daktari akasema. "Ningeanza mapema."

Hapo hapo ikamshinda. Kama Daktari angelaumu ofisi, kama angelaani, labda yeye angenyamaza. Lakini alijilaumu tena, kwa sauti ile ile ya langoni.

"Hukuchelewa," akasema. "Hesabu zako hazikuwa na kasoro. Ofisi haikusema neno. Niliandika mimi."

Daktari alimtazama kana kwamba hajamsikia vizuri kwa sababu ya mitambo, lakini mitambo ilikuwa imezimwa. "Mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini?"

"Tanuri," akajibu, na neno lenyewe likamtoka dogo. "Niliogopa. Ukiondoka, hakuna wa kulisikiliza."

Daktari aliiweka gia chini. Akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Ungeniambia unanihitaji," alisema mwishowe, "ningebaki. Mwaka mmoja, hata miwili. Wewe ni mjomba wangu, ningekukatalia nini? Lakini hukuniambia unanihitaji. Uliniambia sijui."

"Najua."

"Hujui. Miaka mitatu nimekaa kwenye madawati ya watoto najiona mjinga. Mwanangu amenicheka. Na nilikuwa nakuja kwako kukuuliza."

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama," akasema. Hakupaza sauti. Akaichukua gia, akaendelea kuisugua, na tangu mchana ule, kazini na hata nyumbani, hakumwita tena Mjomba; alimwita "Fundi Mkuu".

Mke wa Fundi Mkuu alilijua jambo Jumapili iliyofuata, kwa kuwa Daktari hakuja, na mke huyo si mtu wa kuacha swali. Fundi Mkuu alimweleza lote. Akategemea kugombezwa. Mkewe aliinuka tu, akayatoa madaftari yaliyosahaulika kwenye kabati la vyombo, akayafuta vumbi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nilikuwa nampikia chai huyu mtoto kumbe nampikia maliwazo ya kidonda ulichomtia wewe."

"Niombee msamaha kwake. Wewe anakusikiliza."

"Mimi sikuandika fomu," mkewe akajibu, akatoka na madaftari kuyapeleka mwenyewe.

Tangazo la ubaoni Daktari alilisoma mwenyewe, akajisajili mtihani wa serikali. Walimpa pampu iliyoharibiwa makusudi na saa mbili za kutafuta kasoro. Alizipata zote tatu kwa dakika arobaini, akawaonyesha na ya nne ambayo wasahihishaji wenyewe hawakuijua. Sehemu ya maandishi, yenye hesabu tele, aliipita bila shida. Miezi miwili baadaye kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa kikamchukua kuwa mkuu wa matengenezo. Barua ya kuacha kazi aliiweka mezani kwa Fundi Mkuu asubuhi, akangoja aitie saini ya kuipokea, akaondoka na nakala yake.

Mkurugenzi alitaka kujua kwa nini wamempoteza. Fundi Mkuu akaona asifiche tena; alieleza fomu zote tatu, akasimama akingoja adhabu. Karibu aliitamani. Mkurugenzi alicheka kidogo puani.

"Ulikuwa unalinda uzalishaji," akasema. "Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Kosa lako ni kumwambia."

Fundi Mkuu alirudi karakana akiwa hana pa kuuweka mzigo ule. Aliyepaswa kumwadhibu amemsifu, na aliyepaswa kumsamehe hataki hata kumgombeza. Tanuri lilisimama mara kwa mara mwaka ule, kama alivyoogopa. Alilala chini yake mgongo ukimuuma, akilitengeneza, na cha ajabu hakuna aliyekufa. Walipoteza biskuti. Wiki iliyofuata wakaoka nyingine.

Daktari aliendelea kumtembelea mke wa mjomba wake. Alimsalimia Fundi Mkuu, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba," akapita ndani. Kupitia mkewe, Fundi Mkuu alisikia kwamba huko Daktari alikokwenda ana mafundi saba chini yake, na fomu ya mtu hatii saini mpaka amemwita na kumsomea kila neno.

Fomu zilipokuja mwaka uliofuata, Fundi Mkuu aliandika ya fundi wake bora aliyebaki, kijana mtulivu wa zamu ya asubuhi, ambaye akiondoka wangebaki na pengo kubwa. Alimwita ofisini, akamkalisha, akamsomea yote: ujuzi wake, bidii yake, kwamba yuko tayari na amekuwa tayari tangu mwaka juzi.

Kijana aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, sisi tuna bahati," alisema. "Wakuu wa sehemu nyingine huwabania watu wao. Mafundi wote wanajua wewe si mtu wa namna hiyo."

Fundi Mkuu aliutoa mkono wake polepole. Akamwomba aipeleke fomu kwa Mama Mafaili mara moja, na akitoka arudishie mlango.