Ndege ya Kiti Kimoja

Godelive aliomba ndege, na ndege akapata. Kosa lake ni kwamba hakusema ya namna gani.

Alikuwa mpiga picha wa harusi, mwenye studio Mulekera, huko Beni. Mumewe Kamate alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa Butembo. Kwao ni Kyavinyonge, kando ya ziwa, alikojifunza kuunda mitumbwi. Lakini Butembo haina ziwa, basi alitengeneza vitanda, na kila kitanda alikikaza kana kwamba kitavuka maji. Godelive alitaka ndege ya mbao ya kupamba studio, maharusi wakae ndani wakipunga mikono, waonekane wanakwenda Dubai.

Kamate akatafuta mfano kwenye simu, na hapo akaiona ndege ya vita ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Tumbo lake lilikuwa mtumbwi kabisa. Mabawa yalikaa mawili mawili, juu na chini, injini imetundikwa juu ya kichwa cha rubani, bunduki mbele. Iliondoka majini, ikawinda ndege za adui baharini, kisha ikarudi kutua majini. Kamate hakutafuta picha nyingine. Wateja wa vitanda waliambiwa wavumilie.

Siku ya kuipeleka Beni, askari wa kizuizi cha barabarani waliuliza kile kilichofungwa juu ya lori ni kitu gani. Godelive alitaka kusema ni pambo la harusi, lakini Kamate alimtangulia, akaeleza kwa adabu zote kwamba ni ndege ya vita. Wakakaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Hatimaye mkubwa wao akaja, akagonga injini, ikalia mlio wa mbao. Akashika bunduki, rangi nyeusi ikambaki kiganjani. Aliwaruhusu kupita, ila kwanza apigwe picha ameketi ndani.

Maharusi wa kwanza walikuwa Asma na Lukman, kijana wa familia yenye malori. Hapo ndipo Godelive alipogundua kwamba kiti ni kimoja. Akamweka Lukman ndani, Asma akasimama kando na shela yake. Asma akaomba kuiona picha, akaitazama kwa muda.

"Donc bwana yangu anaenda ku vita," akasema, "na mimi nabakia mujane siku ya ndoa?"

Wakabadilishana. Sasa Lukman alionekana kama kondakta anayesukuma gari lililokwama, na madereva wake waliomsindikiza wakageukia ukutani kuficha vicheko. Akaomba wabadilishane tena. Asma akajibu kwa upole kwamba hapo alipo amekaa vizuri. Ilibidi mama yake aje kumshusha.

Jioni ile Godelive alimwomba mumewe aongeze kiti cha pili. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote, lakini sauti haikuwa ya siku zote.

"Haiwezekane, Mama Lévi. Hii ni ya mutu moja. Ukiongeza wa pili, itazama."

"Baba Lévi, hapa maji hakuna. Itazama wapi?"

Kamate alifikiri sana, akasema hata hivyo itazama.

Godelive alilala amekasirika, akijua wateja wamekwisha. Lakini Asma alikuwa amesambaza picha yake, ile ya peke yake, kidevu juu, shela ikipepea. Wiki hiyohiyo wakaanza kuja: wachuuzi wa samaki, walimu, wajane, mama mmoja wa Alimbongo mwenye watoto wanane aliyewaacha wote nje kwa shangazi yao. Hakuna aliyeuliza kiti cha pili kiko wapi. Mabibi harusi wengine walikuja kabla ya ndoa, bila bwana, wakaomba bunduki ibaki ionekane. Kamate, aliyekuwa amebaki Beni akisubiri wanaume wamuulize habari za vita vya baharini, sasa kazi yake ilikuwa kuwashikia wanawake mikoba.

Alasiri moja wateja walipopungua, Godelive alimkabidhi mumewe kamera, akapanda mwenyewe. Kiti kilikuwa chembamba, mbao zimelainishwa vizuri, na hakuna mtu ambaye angeweza kukaa karibu naye. Akaegemea nyuma. Kamate akauliza kama amemaliza. Akajibu bado. Kamate akauliza yeye mwenyewe asimame wapi.

"Simama palepale. Piga."

Kamate alipiga kwa uangalifu mkubwa. Injini ilitoka vizuri, mabawa yote manne yalitoka, hata misumari ya bunduki ungeweza kuihesabu. Godelive alionekana sikio na kipande cha kilemba tu.

Aliitazama picha ile, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akingoja asifiwe.

"Ni muzuri," Godelive akasema. "Sasa piga ingine, na mimi nionekane."

Hakushuka mpaka alipoonekana.