Chuma Kilichozama Kwenye Gogo

Danford hakumpenda yule mwanamke tangu alipomwona akivuka barabara na viatu vyake vyeusi vya kung'aa. Mteja wa jembe haji kwa mhunzi wa kijiji cha Mahongole na viatu vya namna ile. Tena wiki hiyo Makambako nzima ilikuwa na maneno: boliti za reli zimeibwa, na askari kanzu wamezagaa mitaani wakitafuta vyuma.

"Kamwene, baba," mwanamke alisalimia. "Naitwa Noela, mwalimu wa historia, natokea Yakobi kule Njombe. Aliyeniuzia jembe lako sokoni kaniambia fuawe yako, hilo chuma unalofulia, ni kipande cha reli."

Mwalimu! Danford alicheka kimoyomoyo. Kwani askari kanzu gani hujitangaza kuwa ni askari kanzu?

Noela alichuchumaa mbele ya fuawe, akaeleza kilichomleta. Waingereza walipoitawala India, alisema, walijenga reli nyembamba za kupandia milimani na kuingilia mashambani, mahali ambapo treni kubwa ingekula fedha bure. Vita ya kwanza ya dunia ilipozuka, nyingine ziling'olewa, zikapakiwa melini na kuletwa huku kubebea mizigo ya jeshi. Yeye alikuwa akitafuta zilikoishia.

India! Uongo ukiwa mrefu hivyo, Danford aliwaza, lazima umeshonwa ofisini.

"Mliipata lini?" Noela aliuliza. "Aliyeileta ni nani? Ubavuni haina maandishi?"

Maswali matatu, yote ya kipolisi.

"Haina maandishi," Danford alijibu. "Na picha usipige. Nina kazi za watu, njoo Jumamosi ijayo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba hii iliumwa zamani. Wachina walipojenga reli yao miaka ya sabini, walikuwa na vireli vidogo vya kusukumia vigari vya kokoto. Kipande kimoja kilipopotea, watu wakaikumbuka fuawe ya Ezekia, baba yake Danford. Ezekia aliapa kwamba ameirithi kwa baba yake, mpagazi wa vita ya kwanza aliyerudi nayo kutoka kusini. Nani amsikie? Uzee wa kanisa alinyimwa, na jina la "mwizi wa reli" likamganda. Leo ana miaka themanini na ushee, na ibadani bado hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Noela alipoondoka, Danford aliitazama fuawe kwa jicho jingine. Baba aliizamisha ndani ya gogo la mkaratusi hata ukabaki mgongo tu nje. Kwa nini mtu mwema aifiche fuawe mpaka shingoni? Swali hilo alikuwa nalo tangu utotoni, na hakuwahi kulitoa mdomoni.

Akaking'oa kile chuma. Ubavuni, chini ya kutu na masizi, vidole vyake vikagusa herufi zilizoinuka. Ndiyo hiyo, alijiambia, alama ya mwenye mali!

Hakutaka kuyasoma maandishi hayo. Alichukua grenda, akaanza kuyasaga. Grenda ilipogusa, vichwa vya herufi vikameremeta: moja, nane, tisa. Namba ya stoo, aliwaza, akakandamiza zaidi mpaka ubavu ukawa laini kama sahani.

Jumamosi Noela alirudi. Mzee Ezekia alikuwa uani akiota jua, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa ajili ya ule upepo wa Makambako. Noela akawaonyesha picha kwenye simu: reli nyembamba kwenye mlima wa India, na ubavuni mwake, kwa herufi za kuinuka, jina la kiwanda na mwaka 1893.

"Mwaka ndio ninaoutafuta," alisema. "Ukiwepo, hata mbishi atanyamaza. Wachina walikuja baada ya hapo kwa zaidi ya miaka sabini."

Danford aliinamia simu, akausoma ule mwaka tena.

Mzee alijiinua kwenye kigoda, macho yamemchangamka kama siku ya sikukuu. "Maandishi yapo, mwanangu! Yameliwa na kutu, sikujua yanasema nini. Nilidhani ni jina tu la aliyekifua. Danford, mtolee mwalimu aone."

"Baba, mbona uliizamisha?" Danford aliuliza.

"Ilikuwa inalia mno ikigongwa. Mama yako alikuwa akiumwa kichwa."

Danford akaleta kile chuma. Ubavu uling'aa juani. Noela akaupapasa.

"Yalikuwepo," Danford alisema. "Nimeyaona kwa macho yangu. Moja, nane, tisa. Mwalimu, haki ya Mungu nimeyaona!"

Noela alimtazama kwa upole, kwa jicho lile lile ambalo watu walimtazamia baba yake kila alipoapa. "Nakusikia, baba," alisema, akarudisha simu mkobani. "Lakini siwezi kuandika hivyo."

Mzee Ezekia alipitisha kiganja kwenye chuma, polepole, kisha akarudia.

"Nani kayafuta?"

Danford aliinamisha kichwa.

"Kumbe hata wewe," mzee alisema.

Akachukua kigoda chake, akaenda kukaa peke yake kule mwisho wa uwanja, karibu na lango.