Kompyuta Iliyokaa Eda

Usiku wa kuamkia leo niliota kompyuta yangu mpya inakaa eda.

Nasema mpya kwa mazoea. Ni mpya kwangu tu. Niliinunua Alhamisi kwa Sudi, mwenye duka la kompyuta za mtumba pale barabara ya kumi na mbili, hapa Tanga. Watu wa kompyuta wana pande mbili, na wanavyosutana utadhani Simba na Yanga. Mimi miaka yote nimekuwa upande ule wa wengi. Lakini redio ninayoiandikia mchezo wa kila wiki imehamia upande wa pili, ule wa tufaha lililong'atwa, na Bwana Mhando, mtayarishaji wetu, akaniambia kwa ule upole wake unaotisha, "Mwanamvua, hama na wewe. Mchezo usipofika Jumatatu, nitaumalizia mwenyewe."

Kumalizia kwa Bwana Mhando nakujua. Anamtumbukiza mtu kisimani, muziki unapigwa, basi. Safari hii angemtumbukiza Bi Sijali, mwanamke niliyemtunga mimi na kumlea tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Bi Sijali hayupo duniani, najua, lakini nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Basi nikahama. Kompyuta ikanitii, nikaandika mchezo wote humo, nikaizima kwa furaha. Nilipoiwasha Jumamosi ikaniambia yenyewe ni mali ya Twalibu Msangi na niweke neno lake la siri. Twalibu Msangi simjui. Sudi, nilipompigia, aliapa kwa kila kitu kwamba aliinunua kihalali kwa mtu huyo, ila mtu mwenyewe alihamia Dodoma na simu yake haipatikani. Mchezo umo ndani, mimi niko nje. Nikalala na hasira, bila hata kula.

Sasa, ndotoni, niko kwenye chumba cha uani kwa marehemu shangazi yangu, Ngamiani. Chumba hicho kilibomolewa zamani lakini leo kipo, na hakuna anayeshangaa. Kompyuta imeketi juu ya mkeka, imefunikwa kanga mpaka kwenye bawaba. Mlangoni amekaa chaja, amejikunja miguu, anatafuna karafuu.

"Hodi," nikasema. "Nimemfuata kompyuta wangu."

"Hatoki," akasema chaja. "Yuko eda."

"Eda ya nini?"

"Eda ya kuachwa. Mimi ni somo yake, kungwi wake, usinipite."

Nikauliza kompyuta inakaaje eda. Chaja akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Kompyuta ikitoka kwa mtu, kabla haijaingia kwa mwingine, ijae chaji na iishe mara tatu. Ndipo inakuwa haina harufu ya mtu. Niliona ni jambo la maana sana, nikashangaa kwa nini Sudi hakuliandika ukutani.

"Imebaki mara ngapi?" nikauliza.

"Hata kuhesabu hatujaanza. Sudi alimweka eda kwa kubahatisha. Ukweli ni kwamba hajaachwa. Yule bwana alifuta picha zake, akampangusa kioo kwa kitambaa, akampeleka dukani. Neno lenyewe hakulitamka." Chaja akatema kipande cha karafuu. "Kwa hiyo wewe, mama, umechukua mke wa mtu."

"Mimi ni mwanamke."

"Na yeye ni kompyuta. Tusichambue."

Niliona haya kweli. Nilijifunika ushungi vizuri, nikauliza dawa yake nini. Chaja akasema dawa ni kumfuata huyo bwana, atamke, na wawepo mashahidi wawili. Yeye yuko tayari kuwa wa kwanza, ilimradi waya wake ufike. Shahidi wa pili nitafute mwenyewe.

"Mimi nitakwenda," ikasema sauti ndogo.

Alikuwa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hatujawahi kuzungumza. Nikamwinua nimtazame vizuri.

"Sina kazi tena," akaendelea. "Kule tulikotoka, ulipotaka kunakili neno, nani alikuwa anabonyeza kile kitufe cha kona? Mimi. Maneno yote ya Bi Sijali yamepita kwangu. Huku tulikohamia kazi hiyo kapewa dole gumba. Sina kinyongo naye."

Dole gumba akatazama pembeni.

"Ungeniambia," nikamwambia kidole.

"Hukuniuliza. Ulisema tunahama, tukahama."

Kweli nilikuwa nimeuliza bei, nimeuliza betri, nimeuliza kama kioo kina mchubuko. Kidole sikukiuliza.

Chaja ananyanyua kanga kidogo. Kompyuta inajifungua kwa aibu, inasema kwa sauti ya chini, "Huku kitasa kiko kushoto." Ninaingia kwa mguu wa kushoto, kwa kuwa hivyo ndivyo ninavyoona inafaa.

Ndani kuna meza isiyo na mwisho, na juu ya meza kuna nyumba. Kila nyumba ina dirisha moja kubwa. Chaja anatembea nyuma yangu, waya wake unajikunjua wenyewe na unavuka meza nzima bila kukatika. Nimechoka, nataka kivuli, basi naingia nyumba ya kwanza. Watu wanne wanakula ubwabwa. Nawasalimu, nafunga dirisha lao kwa kitasa cha kushoto ili jua lisiwachome. Kwenye kompyuta za kwetu, ukifunga dirisha, kila kitu cha ndani kinakwisha.

Hawa wanaendelea kula.

"Samahani," nikasema, "nimefunga."

"Tumeona," akajibu baba wa nyumba. "Umefunga dirisha. Hujatuambia tuondoke."

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Huku ni vitu viwili. Mtu haondoki kwa kufungiwa dirisha, mama. Mtu huambiwa."

Nikakaa kidogo nikalifikiria hilo. Nimeishi na watu wengi, na wengi wao niliwafungia dirisha nikadhani wameelewa. Nikawaambia basi, tafadhali, ondokeni. Wakanawa mikono. Mama wa nyumba akaniuliza kama ubwabwa uliobaki auhifadhi au asiuhifadhi, nikasema auhifadhi, akautia kwenye hotipoti, akaandika jina juu yake. Wakatoka mmoja mmoja wakiniaga kwa adabu.

"Twalibu Msangi anakaa wapi?" nikamuuliza yule baba akiwa mlangoni.

"Nyumba ya mwisho. Ile ambayo watu wanabisha na kutukana."

Kweli, mbele ya nyumba ya mwisho udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu. Nilitambua na nyayo zangu mwenyewe za Jumamosi. Nikagonga. Mtu wa makamo akafungua, kavaa singlendi, mkononi ana pasi ya mkaa. Alikuwa mwembamba sana, ukimtazama kwa ubavu hayupo.

"Neno la siri," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo kwanza," nikasema, ingawa tulikuwa rika moja. Ulimi ulinitangulia.

Akashusha pasi. "Marahaba. Karibu."

Ndani kulikuwa na kiti kimoja na shati moja jeupe analolipiga pasi. Nikamwambia wazi kwamba nimemfuata Twalibu Msangi atamke talaka, mashahidi wapo, huyu chaja na huyu kidole.

"Twalibu mwenyewe yuko Dodoma," akasema. "Mimi ni jina lake. Aliniacha hapa."

"Kwa nini hukumfuata?"

"Hakuniaga. Alikuwa na haraka, gari linamsubiri. Nikajua atarudi kunichukua, nikapiga pasi shati la safari. Likajikunja, nikalipiga tena." Akaligeuza kola. "Halafu wakaanza kuja watu. Yule wa dukani, rafiki wa yule wa dukani, na wewe. Wote mnaniuliza neno la siri. Hakuna aliyesema hodi. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshakula."

"Umeshakula?"

"Bado."

Kwa bahati mama wa ile nyumba nyingine alikuwa anapita na hotipoti. Jina akala akiwa amesimama. Mimi nikawa namtazama na moyo unaniuma, maana Jumamosi nilikuwa nimemwita mwizi, tena kwa sauti, mbele ya jirani.

Alipomaliza nikamwambia shida yangu yote. Nikamwambia Jumatatu ni kesho, na mchezo umo humuhumu, na kisima kinamsubiri mtu.

"Bi Sijali?" akauliza. "Aliyemficha mkwewe darini?"

"Huyo."

"Twalibu alikuwa akimsikiliza huku anafanya kazi. Kila wiki. Mimi nimo humu, nasikia." Akachomeka singlendi yake vizuri kiunoni, kama mtu anayekwenda kuongea na wazee. "Asife huyu mama. Hasa si kisimani."

"Basi niachie."

"Nikuachie niende wapi? Mimi ni jina. Nikitoka hapa peke yangu barabarani, nani atajua ni la nani?"

Kidole changu cha mwisho akakohoa. "Mimi namwelewa," akasema.

Hapo ndipo lilipoingia akilini, na sijui kwa nini lilichelewa. Hata watoto wa mtaani kwetu wanalijua. Mgeni hatoki kwako ukabaki umekaa. Unajifunga kanga, unavaa ndala, unamsindikiza. Asiposindikizwa hatoki, anazungumza mlangoni mpaka jioni. Mtu huyu alikuwa hajang'ang'ania kitu. Alikuwa anasubiri wa kumsindikiza, na sisi tulikuwa tunamdai neno.

"Vaa shati," nikamwambia. "Nakusindikiza."

Akavaa shati, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Chaja akasogea kushoto kwake, kidole akasimama wima. Jina akaigeukia kompyuta, ambayo sasa ilikuwa pande zote maana tulikuwa ndani yake, akasema, "Nimekuacha kwa wema. Ulinifanyia kazi nzuri. Nenda kwa huyu mama."

"Nimesikia," akasema chaja.

"Nimesikia," akasema kidole, na nikahisi amekuwa mrefu kidogo.

Chaja akarudi mbio kwenda kuanzisha eda. Alisema betri ya mtumba haijai sana, kwa hiyo haitachukua muda, na kweli, mara tatu zote zilikwisha kabla hatujamaliza kuvuka meza. Kwa mbali nilisikia vigelegele vya kina shangazi.

Sisi tunatembea. Meza imekwisha, sasa ni barabara ya vumbi, kuna mashamba ya mkonge pande mbili, hewa ina baridi kidogo. Tunazungumza vitu vya kawaida. Ananiuliza nimezoeaje upande wa pili, namwambia bado, kila kitu kiko palipo kitu kingine. Anasema mwanzoni ndivyo, baadaye mtu anasahau kwamba aliwahi kuhama. Anamuuliza kidole kama atapata kazi. Kidole anasema atasubiri aone. Nikamwambia kidole asisubiri, kuanzia kesho kila nitakapoanza jina la Bi Sijali, yeye ndiye atakayeshikilia kitufe cha herufi kubwa. Akanishika kiganja.

Kwenye njia panda jina akasimama.

"Hapa panatosha, mama. Rudi."

"Nikusogeze mpaka pale kwenye daraja."

"Hapana, wewe una kazi. Na giza linaingia." Akanipa mkono, mwembamba kama karatasi lakini una joto. "Utarudi salama?"

"Nitarudi."

Akaondoka. Alipofika mbali akageuka kunitazama, na mimi nikawa bado nimesimama, kwa sababu si vizuri mtu ageuke akute umeshaondoka. Nikamwona anaanza kunenepa kadiri alivyokuwa anakwenda, mpaka akawa mtu kamili mwenye begi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilibaki kitandani nikijicheka, mtu mzima kusindikiza jina. Kisha nikaenda mezani, nikaifungua kompyuta, si kwa kutumaini chochote. Ikawaka. Haikumtaja mtu. Ikaniuliza naitwa nani, nikaandika, ikanikaribisha, na mchezo wangu ukaja wote, Bi Sijali yuko hai, kasimama pale pale nilipomwacha, anabishana na muuza mkaa. Nikautuma kwa Bwana Mhando kabla sijapiga mswaki.

Kompyuta zina mambo yake, nikajisemea. Huenda ilijirekebisha yenyewe. Nikabandika chai.

Simu ikaita. Ni Sudi.

"Da Mwanamvua, samahani kwa asubuhi hii. Hebu ijaribu ile kompyuta."

"Imefunguka."

"Afadhali. Yule bwana kanipigia sasa hivi kutoka Dodoma. Namba mpya. Anasema alisahau kutoa jina lake, katoa kwa simu alfajiri hii." Sudi akapunguza sauti, kama mtu anayeona aibu kufikisha ujumbe aliopewa. "Halafu, dada, kuna jambo lingine, mimi silielewi. Ameniomba nikuulize kama jana ulirudi salama. Anasema giza lilikuwa limeshaingia."

Chai ikafurika jikoni. Niliisikia, sikuinuka.

"Mwambie nimefika," nikasema.