Kuni za Normand

Gogo bichi halijui kuficha siri. Ukiligonga kwa jingine linatoa mlio mzito, du, na ukilitia motoni linatokwa povu kwenye ncha na kuanza kulia fii, fii, mpaka ukereke. Exilda Pelletier alizijua sauti hizo tangu utotoni. Asubuhi ile ya Januari alizisikia ndani ya jiko lake mwenyewe la chuma, na moyo ukampasuka.

Alijitia koti akatoka mbio hadi kibandani. Kibanda kilikuwa kimejaa kuni mpaka kwenye paa. Tangu majani yapukutike alikuwa akikitazama kupitia dirisha la jikoni na kumshukuru Mungu kwamba mumewe Rosaire, pamoja na akili yake kumtoroka, alikuwa bado hajasahau kazi ya mikono. Safu ya mbele waliyokuwa wakiichoma tangu baridi ianze ilikuwa kavu kabisa. Sasa ilikuwa imekwisha. Alichomoa gogo katika safu ya pili, akachomoa katika ya tatu, akapanda juu ya kigogo cha kupasulia akachomoa kule nyuma kabisa. Du. Du. Du. Zote zilikuwa za miti iliyoangushwa juzi juzi mwezi wa tano, kuni ambazo hazikupaswa kuguswa mpaka baridi ya mwaka ujao.

Katika bonde lile la mto, watu huchoma leo kilichochanjwa mwaka juzi. Kila familia ina kuni za mwaka huu na kuni za mwaka kesho, na mwanamume anayezichanganya hana tofauti na anayekula mbegu. Rosaire hakuwahi kuzichanganya. Basi zile kavu zilikuwa zimekwenda wapi? Exilda alisimama pale, pumzi yake ikiganda kwenye skafu, akapata hamu ya kulipiga teke lile rundo zuri la uongo. Akalipiga. Kidole cha mguu kikamuuma siku nzima.

"Mama, mbona baridi?" Rosaire alimuuliza mkewe aliporudi ndani. Alikuwa amejikunyata kitini, blanketi mpaka kidevuni.

"Niliacha mlango wazi."

"Ufunge basi. Au tunaupasha joto mto mzima pamoja na Wakanada wa ng'ambo?"

Alicheka mwenyewe, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi hicho ndicho kilichomtisha Exilda. Baridi ya mwaka jana Rosaire alilazwa na kichomi, na binti yao Odile akaja kutoka mji wa Bangor, akamuuguza usiku na mchana. Siku ya kumrudisha nyumbani Odile aliongea bila kupepesa macho: "Mama, nimekuachia Baba kwa sababu umelia. Lakini nikija nikakuta nyumba hii ina baridi, namchukua. Nafasi ipo kwenye nyumba ya wazee karibu na kwangu, na sitabishana tena." Na Odile alikuwa anakuja Jumamosi.

Exilda hakuwahi kulala mbali na Rosaire tangu waoane, ukitoa zile siku za uzazi na za hospitali. Angeweza kuvumilia kuitwa kwa jina la dada yake, kuulizwa jambo moja mara kumi kabla ya chai, kumvisha soksi. Nyumba isiyokuwa na kikohozi chake hakuweza hata kuifikiria.

Alijaribu zile mbichi. Alizipasua nyembamba, akazipanga kuzunguka jiko zikauke, akazichochea kwa magazeti na mbao za banda la kuku. Zilifuka, zikaomboleza, kioo cha jiko kikawa cheusi, na moto haukupata nguvu hata ya kuchemsha supu ya njegere. Zaidi ya hapo, kuni za namna hiyo hujaza lami ndani ya dohani, na lami ikishika moto nyumba huondoka nayo. Kwa hiyo kila alipofungua jiko alikuwa anaomba mambo mawili yanayopingana: moto uwake, na moto usiwake sana.

Mchana Aurèle, jirani yao na rafiki wa Rosaire tangu wakiwa vijana, alikuja na gari lake kusukuma theluji uani. Alishusha kioo, akatazama juu ya paa.

"Shemeji, moshi wenu leo umelewa. Unatambaa chini badala ya kupanda. Mnachoma nini, magodoro?"

"Gogo moja lililolowa tu. Wewe nawe, kazi yako kuchungulia madohani ya watu."

"Kama zimekwisha, sema. Mimi ninazo."

"Zimekwisha? Nenda kachungulie kibandani. Zimejaa mpaka juu!"

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo. Kule unaweza kumwomba jirani chumvi, trekta, hata akusimamie watoto mwezi mzima. Lakini kuomba kuni katikati ya Januari ni kutangaza kwamba mwanamume wa nyumba hiyo alikaa bure kiangazi kizima. Rosaire hakukaa bure siku hata moja ya maisha yake, na Exilda aliona heri agande kuliko kumvua mumewe heshima hiyo mbele ya Aurèle. Ulikuwa ujinga. Alijua ni ujinga, na bado mdomo haukufunguka.

"Haya," Aurèle akasema, akianza kupandisha kioo. "Mimi nilishangaa tu. Mwezi wa kumi wote nilimwona mzee anapanda kilimani na trekta, trela limejaa, anashuka tupu. Nikasema labda mnauza."

Exilda mwenyewe alilisikia trekta kila siku mwezi ule, akadhani mumewe anajaza kibanda. Juu ya kile kilima palikuwa na nyumba moja tu.

Ilikuwa nyumba ya Normand, mtoto wao wa kwanza. Aliijenga na baba yake, wakaweka madirisha, wakaweka jiko. Harusi ilikuwa imepangwa. Na kama desturi ya bonde inavyotaka, Rosaire alimpandishia kuni kavu za baridi ya kwanza, kwa maana maharusi huanza maisha bila kuni za mwaka juzi, na ni baba anayewapa. Kuni hizo haziguswi na mtu mwingine. Kisha mti ukamwangukia Normand msituni, na baada ya maziko Rosaire akazishusha kuni zote peke yake, bila kusema neno. Tangu hapo Exilda hakupanda kilima kile.

Sasa alipanda, akiburuta sleji ya plastiki ambayo watoto walitelezea juu ya theluji zamani. Theluji ilimfika magotini. Mlango haukuwa na kufuli. Ndani ya ukumbi kuni zilikuwa zimepangwa toka sakafuni mpaka kwenye dari, ncha zimelingana, maganda juu, kazi ya mtu anayempenda atakayezichoma. Kando ya jiko palikuwa na vijiti vya kuwashia na kiberiti kipya. Exilda aligonga magogo mawili. Yalitoa mlio mwembamba, safi. Akayakumbatia kifuani akalia kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu wa kumsikia.

Kisha akafuta pua, akajaza sleji.

Jioni nyumba ilikuwa na joto la kutoa jasho. Rosaire alivua blanketi, akala ployes, zile chapati za maji za manjano wanazokula kila siku, akapaka molasi mpaka kidevuni. Halafu akainama achochee moto. Akachukua gogo, akaligeuza, akalinusa. Uso wake ukabadilika.

"Hizi ni kuni za Normand."

"Rosaire, keti."

"Mama! Umemwibia mtoto? Kuni za harusi?" Alianza kuzitoa kwenye sanduku moja moja, akizibeba kuelekea mlangoni. "Mkewe atachoma nini? Watu watatusemaje?"

"Normand amekufa," Exilda alisema. Alikuwa amechoka, mgongo unawaka, na neno likatoka lenyewe. "Amekufa zamani. Tulimzika wote wawili, mimi na wewe."

Rosaire alisimama na magogo mikononi. Alilia kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi, na kwake ilikuwa ni sasa hivi. Exilda aliapa moyoni kwamba hatamfanyia hivyo tena hata ulimwengu ugande.

Kesho yake alileta sleji nyingine, na Rosaire akauliza vilevile.

"Kanipa mwenyewe," Exilda akajibu. "Kasema atakuja kulala kwetu, kwa hiyo tuziwashe huku."

"Anakuja?"

"Anakuja."

Uso wa mzee ulifunguka. "Basi tia nyingine! Unataka mtoto akute baridi?" Na tangu hapo ikawa yeye ndiye mlinzi wa jiko. Hakusahau hata mara moja. Alisahau kula, alisahau jina la Exilda, moto hakuusahau. Exilda alipanda na kushuka kilima mpaka viganja vikachubuka, akijiambia kwamba uongo unaompa mtu furaha namna hii hauna ubaya.

Jumamosi Odile aliingia, akavua kofia, akasimama katikati ya chumba na kukunjua vidole hewani kupima joto. Alilitazama jiko. Alimtazama baba yake, mashavu mekundu, amenyolewa vizuri.

"Sawa, Mama," alisema mwishowe. "Nilikuja na masanduku matupu kwenye gari, sikufichi. Lakini sawa. Abaki."

Exilda alimkumbatia binti yake, wakaenda jikoni kukoroga unga. Walicheka. Walimsengenya Aurèle kidogo. Odile ndiye aliyeinua macho dirishani.

"Mama, kilimani kwa Normand kuna nani? Mbona dohani inatoa moshi?"

Kiti cha Rosaire kilikuwa kitupu. Koti lake lilikuwa msumarini, viatu vyake vya theluji mlangoni.

Walimkuta ameketi mbele ya jiko la mwanawe, na ndara za nyumbani miguuni zimejaa theluji. Moto ulikuwa unaunguruma vizuri. Aligeuka akawatabasamia.

"Karibuni! Nimeona nimtangulie. Akifika akute pana joto."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe pe, vigumu, na alikuwa ameviweka juu ya chuma cha moto bila kuhisi kitu. Exilda alivitoa pale. Ngozi ikabaki kwenye chuma. Rosaire alimtazama tu, hajui kwa nini mkewe analia.

"Hospitali, haraka," Odile alisema. "Mama, mshike upande huo."

"Siendi," Rosaire akasema. "Moto utazima. Mtoto hajafika."

"Baba, twende. Mama, atasahau njiani."

"Hili halisahau," Exilda alisema. Aliongea polepole, maana kila neno lilikuwa linamchuna. Siku zote hizo alikuwa amepigana na baridi, na baridi alikuwa ameishinda. "Rosaire, nenda na Odile. Mimi nitabaki na moto."

"Hutauacha uzime?"

"Sitauacha."

"Apa."

"Naapa."

Basi akakubali, mpole kabisa. Walimfunga kwa makoti yao, wakamlaza kwenye sleji. Mlangoni Exilda alimshika binti yake mkono.

"Wakimaliza kumtibu, usimrudishe."

"Mama..."

"Nafasi ile si ipo? Usimrudishe. Mimi siwezi tena."

Odile alilia, akaburuta. Kupitia dirisha Exilda aliwaona wakishuka, sleji ikiacha mfereji kwenye theluji. Aliona gari likiwashwa, likigeuka uani, likishika barabara ya mto kuelekea kusini. Rosaire alikuwa amegeuza uso kutazama kilimani, kwenye moshi.

Gari lilipotea. Hakukuwa na mtu tena wa kudanganywa, na jiko lingeweza kuachwa lizime. Exilda alichukua gogo moja kavu, akaligonga kwa jingine, akalisikiliza, akalitia motoni.